Baridi Tu

Kisa hiki ni cha mvuvi mmoja wa Vitshumbi. Nakisimulia kwa sababu kila mtu ana mgongo, na wengi wetu tuna kiburi cha kuuficha unapouma.

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Mbele ni maji, nyuma ni mbuga ya wanyama. Pa kulima hapana. Unga wa fufu, maharagwe, hata makaa ya jiko la mbabula, vyote hutoka nje na hununuliwa kwa samaki. Mgongo wa mvuvi ndio shamba lake. Akiumwa, huona aibu kama mkulima aliyeuza jembe.

Ijumaa moja ya Novemba, wingu likiwa limekwisha kuifunika milima ya Kabasha, mvuvi wetu alirudi ufukweni. Mota haiachwi kwenye mtumbwi usiku, wezi wapo. Ya kwake ni ya nguvu za farasi 15, uzito wake kilo 36 hivi, na siku zote huinuliwa na watu wawili. Lakini kijana wake wa kazi alikuwa ameshaikimbia mvua. “Nimngoje nani?” akajisemea. Akainama, maji yakimfika magotini, akaikamata mota huku mikono ikiwa mbali na kifua, akajipinda ili aipandishe begani. Kitu kikamkata kiunoni kama uzi wa wavu.

Mota akaifikisha. Mkewe alipomwona akiingia kwa kuegemea upande mmoja, akamuuliza, “Baba watoto, una nini?”

“Baridi tu.”

Maneno hayo mawili yashike, tutakutana nayo tena.

Jumamosi ilinyesha tangu alfajiri. Mabati yalipiga kelele hadi watu wakasemezana kwa kupaza sauti, na wale ndege marabu wanaogombea matumbo ya samaki ufukweni walijikunyata juu ya mapaa. Nyumba nzima ilikuwa ndani: mke, watoto wanne, bibi pembeni ya mbabula, na baba kwenye mkeka, uso ukutani.

“Amka utembee kidogo, hata ufike mlangoni,” mke alimwambia.

“Mgonjwa hulala.”

Wengi tungejibu hivyo. Kumbe mwaka 1995 watafiti wa Finland walitoa matokeo ya wafanyakazi 186 wa jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu ya mgongo. Kundi moja lililazwa kitandani siku mbili, la pili likapewa mazoezi maalumu, la tatu likaambiwa liendelee na shughuli zake kadiri maumivu yatakavyoruhusu. Waliopona upesi kuliko wote ni hao wa tatu. Kitanda hakikuwafaa wenzao hata kwa siku mbili, muda wa Jumamosi na Jumapili tu.

Mvuvi hakutaka kutembea, ila dawa alizitaka. Kwanza alimwambia kitinda mimba apande mgongoni amkanyage. Mtoto akacheka, baba akalia. Saa sita akatuma mtu kwa muuza vidonge, akaletewa kifuko chenye vidonge vya rangi nne, visivyo na jina wala maelezo. Akavimeza vyote kabla ya kula.

Ilipofika saa tisa maumivu hayakuwepo. Akasimama, akajinyoosha, akamcheka mkewe. Hakujua kwamba vidonge vilikuwa vimemfunga mbwa mdomo tu. Mwizi alikuwa bado ndani. Paa likaanza kuvuja juu ya gunia la chumvi, chumvi ya kukaushia samaki, mali ya mwezi mzima. Akalirukia gunia peke yake. Safari hii hakufika popote. Alipiga magoti palepale, akabaki ameshika gunia kama mtu anayesali.

Jumapili mvua haikukoma. Kiuno kilikuwa kama mti mkavu, na tumbo likamuunguza, kwa kuwa dawa nyingi za kutuliza maumivu huchubua tumbo zinapochanganywa ovyo au kunywewa bila chakula. Akiwa amelala chini aliiona nyumba yake kama kuku anavyoiona: miguu ya viti, visigino vya watu, na kupitia mlangoni, maji yakimwagika kutoka ukingoni mwa paa na kuchimba udongo. Tangu Machi mfereji wa bati uliokuwa ukipeleka maji hayo kwenye pipa ulikuwa umeanguka. Kila juma alisema, “Kesho.” Pipa lilikuwa tupu.

Ndipo mlangoni ikaingia miguu miwili midogo yenye tope. Ni binti yake mkubwa, mwenye miaka 12, anatoka ziwani. Mgongoni alikuwa na bidoni ya lita 20, ambayo ikijaa ni kilo 20, imeshikwa na kitambaa kilichopita kwenye paji la uso. Alikuwa ameyafuata maji kwenye mvua, ufukwe uleule viboko wanakopita, maji yaleyale yanayoleta kipindupindu yasipotiwa dawa. Akaitua bidoni. Kitambaa kikaacha mfuo mwekundu pajini. Kisha akaweka viganja viwili kiunoni, akajisukuma mbele polepole, akifumba macho.

Baba aliijua ishara ile. Aliifanya yeye mwenyewe Ijumaa, alipodhani hakuna anayemwona.

“Mama, una nini?” alimuuliza, kama baba wa huku anavyomwita bintiye.

“Baridi tu, Papa.”

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miezi minane mvua ilimwagika bure mbele ya mlango, na miezi minane mtoto alibeba maji mgongoni, naye baba aliona ni jambo jepesi.

Mchana huo hakuinua chochote. Aliomba mkono wa mkewe, akafika mlangoni, akamwita mpwa wake na vijana wawili wa jirani. Yeye alishika misumari na waya, wao wakapanda. Walipomaliza, mfereji ukaanza kuimba ndani ya pipa. Maji ya kwanza, yenye uchafu wa paa, wakayamwaga. Yaliyofuata wakayaacha yajae.

Jumatatu muuguzi wa kituo cha afya alimpa maneno machache. Mzigo uinue kwa magoti, uukumbatie karibu na kifua, usijipinde ukiwa nao. Mzigo ukiwa mbali na mwili, kiuno hubeba uzito wake mara kadhaa. Tembea kila siku, hata kidogo. Vidonge visivyo na jina usimeze. Na ukipata ganzi makalioni au sehemu za siri, mkojo ukiziba au kutoka wenyewe, au mguu ukilegea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya wiki nyingi yakiandamana na homa, jasho la usiku na kukonda, upimwe: huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, nacho hutibika.

Mota ambayo angeisubirisha robo saa ilimgharimu wiki tatu bila kwenda ziwani. Mpwa ndiye aliyeendesha mtumbwi, wakagawana samaki.

Jioni moja ya Januari mvuvi aliingia nyumbani amelowa, mkono kiunoni. Binti aliinua macho kutoka kwenye mbabula.

“Papa, una nini?”

Mdomo ulikwisha kufunguka kwa neno lile la zamani. Akalimeza.

“Mgongo. Na mota bado iko ufukweni.”

Binti akanyanyuka, akafuta mikono kwenye kitenge. “Nimwite nani?”