Shukrani ya Mara ya Pili

Liko swali linalotupasa kulitafakari. Mtu akimshukuru mwenzake, kisha wakagombana, je, aweza kuirudia shukrani ile ile bila kuwa mnafiki?

Tuchukue mfano wa wimbo. Dolly Parton, mwimbaji wa muziki wa kantri huko Marekani, alijiunga na kipindi cha televisheni cha Porter Wagoner mwaka 1967. Bwana huyo alimshika mkono, na jina lake likajulikana. Ulipofika wakati wa kujitegemea, Wagoner hakutaka aondoke. Ndipo Dolly akatunga wimbo wa kumwaga kwa upendo na kumtakia heri, "I Will Always Love You". Aliurekodi mwaka 1973, na santuri iliyotoka mwaka 1974 ikashika nafasi ya kwanza katika nyimbo za kantri.

Lakini kuagana kwa wema hakukuzuia ugomvi. Mwaka 1979 Wagoner alimshtaki akidai mamilioni ya dola, na shauri likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama. Mwaka 1982 Dolly aliurekodi upya wimbo ule ule kwa ajili ya filamu, nao ukapanda tena hadi nafasi ya kwanza.

Wengine watasema wa kwanza ulitoka moyoni, wa pili ni biashara tu. Ni kweli santuri huuzwa, na moyo wa mtu aujua Mungu. Hata hivyo, anayeshukuru kabla ya ugomvi hajui bado shukrani itamgharimu nini. Anayeshukuru baada yake anajua.

Angekuwa mnafiki kama angesema hapakutokea neno. Bali akisema, "Tuligombana, lakini mema uliyonitendea uliyatenda," amesema kweli. Wema uliokwisha kutendeka umetendeka. Ugomvi wa leo hauwezi kurudi nyuma ukaufuta.

Twayaona haya kwetu. Kaka alimlipia mdogo wake karo. Miaka ikapita, wakagombania mpaka wa shamba. Sasa mdogo asema, "Huyu hakunisaidia kitu." Huo si utovu wa shukrani tu, ni uongo. Mpaka na uamuliwe na wazee kwa haki, lakini karo ililipwa.

Petro alijisifu kabla ya kumkana Bwana. Baadaye, kando ya ziwa, aliulizwa mara tatu kama ampenda. Jibu lake lilikuwa fupi na la unyenyekevu, nalo ndilo alilokabidhiwa kondoo kwalo.

Basi, kabla hatujaikaribia Meza ya Bwana Jumapili ijayo, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyetutendea mema kabla hatujakosana. Tumwendee, tumwambie asante mara ya pili.