Lawama Isiyo na Anwani

Hakuna mtu Garsen anayelilaumu jua. Linachoma tangu saa nne asubuhi, mabati yanaalika, mbuzi wanajibanza ukutani wakifuata kivuli chembamba, na watu wanasema tu "leo kali" kisha wanaendelea na shughuli zao. Lakini mtoza ushuru wa kaunti akipita sokoni, maneno huanza. Fedha anazochukua pengine ni ndogo kuliko hasara iliyoletwa na joto la siku hiyo, maziwa yaliyochacha au samaki waliooza. Ila jua haliwezi kufanya vingine. Mtoza ushuru anaweza, au aliyemtuma anaweza. Lawama hutafuta palipo na hiari.

Kwa sababu hiyo mnung'unikaji, hata tunapomwona mtu wa kuchosha, ana imani ya aina fulani. Anaamini kwamba kulikuwa na makubaliano, yeye ametimiza upande wake, na mwenzake hakutimiza. Aliyekata tamaa kabisa hanung'uniki: hunyamaza, au hufunga mizigo akahamia Malindi. Ninachotaka kuuliza hapa ni jambo moja tu. Je, lawama zetu za kila siku kuhusu kazi, kodi na makampuni huwafikia wanaostahili kuzipata?

Garsen ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili kwa sababu ni njia panda. Barabara itokayo Malindi huachana maeneo haya, moja kuelekea Lamu, nyingine kuufuata mto Tana hadi Hola na Garissa. Basi likisimama, wachuuzi huliparamia kwa maembe, sambusa na maji, na kila mmoja ana lake la kusema. Abiria akiuliza, "Mama, mbona maziwa yamepanda?" hujibiwa papo hapo: "Mwanangu, ushuru nalipa, pikipiki nalipa, wewe wataka nibaki na chupa tupu?" Mwalimu aliyepangiwa kazi huku kutoka mbali hulalamikia joto na maji ya chumvi, ingawa serikali humlipa marupurupu ya mazingira magumu. Hilo la mwalimu huwa linanichekesha kidogo. Aliyekuja hulipwa kwa kulivumilia jua la Tana River, na aliyezaliwa chini yake, asiye na ajira ya serikali, hulivumilia bure.

Tuyatazame maneno ya yule mama wa maziwa. Ametaja ushuru kwanza, kwa sababu ushuru una sura: kuna mtu anayesimama mbele yake, anamjua kwa jina, pengine ni mtoto wa jirani. Pikipiki ameitaja pili, kama bei tu. Lakini ndani ya nauli ya pikipiki iliyoleta maziwa kutoka kijijini mna kodi pia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na hakuna aliyekuja Garsen kuidai akiwa na kitabu cha risiti. Ilijipenyeza kwenye pampu, kutoka kwenye pampu ikaingia kwenye nauli, kutoka kwenye nauli ikaingia kwenye chupa. Kodi inayoonekana hutukanwa. Isiyoonekana hulipwa kwa adabu.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoiona ikifanya kazi kote: lawama humwangukia aliye karibu, wala si lazima awe ndiye mwenye kosa kubwa zaidi.

Sasa tazama ukuta wa duka. Katika miji midogo ya Kenya duka huvaa rangi za kampuni: kijani ya huduma ya kutuma pesa, nyekundu ya mshindani wake, bluu ya unga au sabuni. Kampuni huleta rangi na fundi, na mwenye duka hufurahi kwa kuwa ukuta wake ulikuwa umebambuka. Kodi ya pango kwa ukuta huo haijadiliwi, ingawa tangazo lile litakaa pale miaka, likitazamwa na kila basi linalopita. Kijana wa bodaboda naye hupewa reflekta yenye jina la kampuni mgongoni, akazunguka nayo kutwa kati ya stendi na kituo jirani cha Minjila, tangazo linalotembea na lisilolipwa hata bei ya chai. Na katika majedwali ya ada ya kaunti nyingi, ukuta uliopakwa rangi ya kampuni huhesabiwa kuwa tangazo, na tangazo lina ada yake. Ofisa akija, anamkuta nani dukani? Kampuni haikai nyuma ya kaunta.

Lakini kichekesho chenyewe kiko kwenye vitabu vya hesabu. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kampuni hutozwa kodi ya asilimia 30 juu ya faida, na faida ni kinachobaki baada ya kuondoa gharama za biashara. Gharama za matangazo zimo. Maana yake ni kwamba kila shilingi 100 zinazotumika kupaka kuta rangi hupunguza kodi ya kampuni yenye faida kwa shilingi 30. Hazina ya taifa, yaani wewe na mimi na mama wa maziwa, imechangia ndoo ya rangi kwa namna yake. Mwajiriwa, kwa upande mwingine, hukatwa kodi mshahara ukiwa haujamfikia, na hakuna anayemruhusu kuondoa nauli ya kwenda kazini, viatu vilivyoisha kwa vumbi wala chakula cha mchana. Kweli, ana nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi, na wenye mishahara ya chini kabisa hawaguswi. Lakini umbo la jambo halibadiliki: kampuni hutozwa ikishashiba, mtu hutozwa kabla hajala. Mfanyabiashara mdogo aliye kwenye kodi ya mauzo ndiye mwenye shida zaidi, kwa sababu yeye hulipa asilimia 3 ya mauzo yote, awe amepata faida au amepata hasara.

Mtetezi wa makampuni atasema, na ana hoja, kwamba kampuni ni karatasi tu. Kodi yake mwishowe hulipwa na binadamu, ama mwenye hisa, ama mfanyakazi kupitia mshahara mdogo, ama mnunuzi kupitia bei. Wanauchumi wamebishana kwa miongo mingi kuhusu nani hubeba sehemu gani. Nakubali. Ila hoja hiyo ina upande wa pili ambao watetezi huusahau. Kama kampuni ni karatasi kodi ikidaiwa, iwe karatasi pia inapoomba msamaha wa kodi, inapokwenda mahakamani kudai haki zake, na inapotuambia kwenye redio kwamba inatupenda. Huwezi kuwa mtu siku ya kupokea, ukawa karatasi siku ya kutoa. Mwamba ngozi huvutia kwake, lakini kuna kuvuta na kuna kunyang'anya.

Kuna kauli ya zamani inayonasibishwa na mwanasheria Mwingereza wa karne ya 18, Edward Thurlow, kwamba kampuni haina roho ya kulaaniwa wala mwili wa kupigwa teke. Sisi wa pande hizi tulilionja jambo hilo mapema. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, ikawa inakusanya ushuru wa forodha katika ukanda wa pwani uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1891 ikakabidhiwa utawala wa Witu, hapo tu ukitoka Garsen kuelekea Lamu. Mwaka 1893 ikajitoa Witu kwa sababu hesabu hazikukaa vizuri, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua eneo lote. Kwa hiyo kabla kampuni hazijawa walipa kodi nchini Kenya, mojawapo ilikuwa mtoza kodi. Na ilikuwa na kaulimbiu yake, Nuru na Uhuru, iliyochapwa hata kwenye sarafu zake. Mtu wa Witu aliyetaka kulaumu angemlaumu nani? Wenye hisa walikuwa London.

Serikali iliyofuata ilileta kodi ya kibanda mwaka 1901. Watawala wa wakati huo hawakuficha kwamba kodi ilikuwa na kazi ya pili zaidi ya kujaza hazina: ilikusudiwa kumtoa Mwafrika shambani kwake aende akatafute fedha kwa mwajiri. Mtu aliyekuwa na mpunga, ndizi na samaki hakuhitaji mshahara. Kodi ilimtengenezea haja hiyo.

Hapa ndipo ninapoona tangazo na kodi vikikutana. Kile ambacho kodi ya kibanda ilikifanya kwa askari na rungu, tangazo hukifanya kwa rangi na wimbo. Humtengenezea mtu haja ya fedha taslimu ambayo jana hakuwa nayo. Simu mpya, mkopo wa kwenye simu, dau la mpira. Tofauti ni kwamba mtu wa 1901 alimjua aliyemlazimisha, akaweza kumchukia. Wa leo anaambiwa kwamba amechagua mwenyewe, kwa hiyo mwezi ukimwishia mfuko ukiwa mtupu, aliye karibu zaidi wa kulaumiwa ni yeye. Lawama imezunguka ikarudi nyumbani kwa mlaumu.

Kuna waliokataa kabisa. Ukiufuata mto kutoka Garsen kwenda kaskazini utafika Hola, makao makuu ya kaunti, na Hola ni jina ambalo Mkenya hapaswi kulipita haraka. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa wa kizuizini waliokataa kufanya kazi ya kulazimishwa kwenye mradi wa umwagiliaji walipigwa na askari, na watu 11 wakafa. Wakubwa wa kambi walikuwa na mpango ulioandikwa: kazi ilihesabiwa kuwa dawa ya kuwarekebisha. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema waliokufa walikuwa wamekunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uongo ule haukudumu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kipigo, na Julai mwaka huohuo suala hilo likaitikisa Bunge la Uingereza.

Nimelitaja hilo kwa sababu wale watu hawakuwa wavivu, na hawakuwa wananung'unika. Anayenung'unika huku akishika jembe bado anayakubali makubaliano. Wao walikataa kwamba kulikuwa na makubaliano yoyote. Na ile taarifa ya maji naihesabu katika ukoo mmoja na matangazo: maneno yaliyotungwa ili lawama ikose pa kutua. Maji hayana hiari. Ukilaumu maji, umelaumu jua.

Huku kwetu lawama iliyokosa anwani haibaki kuwa maneno. Wapokomo wa kandokando ya mto walizoea kilimo cha kufuata mafuriko: maji yakija huleta tope, yakishuka hupandwa mpunga na ndizi. Waorma na Wardei hushuka na mifugo wakati wa kiangazi kupitia malka, zile njia za kufikia maji. Huko juu yakajengwa mabwawa, Masinga mwaka 1981, Kiambere 1988, mengine kabla yake, na mwendo wa mto ukabadilika. Baadaye ikaja mipango mikubwa ya ardhi katika delta, ya miwa na ya mbegu za mafuta, kila mmoja na ahadi zake za ajira. Ardhi ya kugombewa ikazidi kuwa finyu. Mkulima akiona ng'ombe shambani humwona mfugaji, na mfugaji akiikuta malka imelimwa humwona mkulima. Hakuna kati yao anayeliona bwawa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii. Sisemi kwamba mabwawa na makampuni ndiyo yaliyoshika mapanga. Siasa za uchaguzi zilikuwamo, na waliotenda walikuwa na hiari yao. Nasema waliokuwa mbali walipona lawama.

Mwaka 2024 vijana wa Kenya walijaribu kuipa lawama anwani. Waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakawapigia wabunge simu kwa majina. Tarehe 25 Juni wakafika hadi Bungeni, na wengine wakauawa kwa risasi. Siku iliyofuata rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Gharama ilikuwa kubwa mno, na sidhani kila aliyeandamana alielewa kila kifungu. Lakini kwa mara moja manung'uniko yalijua yanakokwenda.

Kaunti nayo ina Mswada wake wa Fedha kila mwaka. Ndani yake ndimo mnamopangwa ushuru wa mbuzi, ada ya leseni na ada ya ukuta uliopakwa rangi, na Katiba, katika Ibara za 196 na 201, inataka wananchi washirikishwe kabla haujapitishwa. Makampuni huwa na mwakilishi wao katika vikao vya namna hii, amevaa tai, na manung'uniko yake huitwa maoni ya wadau. Mama wa maziwa asikose naye. Aende na risiti zake, na kijana wa bodaboda aende na reflekta yake, waulize mbele ya wawakilishi wadi: ukuta huu na mgongo huu, anayepaswa kuvilipia ni nani?