Talanta Tano na Talanta Mbili



Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Wengi tunaulizana: je, asifiwe nani sasa?

Tusome Mathayo 25. Mtumwa mwenye talanta tano alirudi na kumi. Mwenye mbili alirudi na nne. Kumi ni nyingi kuliko nne, lakini sifa waliyopewa ni ile ile, neno kwa neno. Bwana wao alitazama kila mmoja amefanya nini kwa alichopewa. Wala hakugawa sifa bure: aliyefukia yake alikemewa.

Basi sisi wazazi, siku ya kufunga shule, tumpigie makofi mwenye alama 90, maana amefanya kazi. Lakini yupo pia aliyepanda kutoka 20 hadi 45, akisoma kwa kibatari baada ya kuteka maji. Huyu naye aitwe mbele, apewe zawadi yake. Tukimnyima neno jema, mwakani ataifukia talanta yake, na sisi ndio tutakuwa tumemchimbia shimo.

Bwana atupe macho ya kuona jasho la kila mtoto. Amina.