Adabu ya Mgeni Penye Barafu

Mtu hujulikana kwa mambo mawili: kwa anayoyatamani, na kwa namna anavyoyaendea. Kutamani si dhambi. Jicho liliumbwa lione, na hapana aibu kwa mtu kutaka kuuona mwisho wa dunia. Lakini njia ya kuendea jambo jema yaweza kuliharibu jambo lenyewe. Nataka, msomaji, tulipime neno hili kwa mfano wa safari moja.

Kusini kabisa mwa dunia liko bara la barafu liitwalo Antaktika. Halina wenyeji wa kibinadamu. Wakazi wa pwani zake ni pengwini, sili na ndege wa bahari. Katika mwaka 1959 mataifa 12 yalitia sahihi mapatano kwamba bara hilo liwe la amani na elimu. Mwaka 1966 Lars-Eric Lindblad aliwaongoza watalii kwenda huko, na wengi wamefuata. Aghalabu huondoka Ushuaia, katika Argentina, wakavuka bahari yenye mawimbi makali kwa muda wa siku mbili hivi.

Anayetaka kwenda hana budi kuchagua chombo. Chama cha wenye safari hizo, kilichoundwa mwaka 1991, kina kanuni zake: watu wasizidi 100 nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu. Kwa hiyo abiria wa meli kubwa huitazama barafu kutoka sitahani, na abiria wa meli ndogo hushuka kwa mashua za mpira, wakatembea karibu na pengwini.

Ni rahisi kusema, basi, meli ndogo ndiyo njema. Tusiharakishe. Aliyebaki sitahani hakukanyaga kitu, aliyeshuka amekanyaga. Tena, tarehe 23 Novemba 2007, meli ndogo iitwayo Explorer, iliyojengwa kwa safari za barafu, ilitobolewa na barafu ikazama pamoja na mafuta yake. Watu wote 154 waliokolewa, kwa kuwa meli nyingine iliwafikia. Udogo wa chombo si wema wala si kinga. Ni nafasi tu ya kutenda wema au ubaya.

Basi tuchague kwa kipimo gani? Kwa utii. Msafiri hutakiwa asafishe viatu vyake asije akapeleka mbegu za nchi nyingine, akae mita 5 mbali na pengwini, ampishe ndege njia, wala asiokote hata jiwe. Barafu ikifunga njia, safari hugeuzwa. Chagua chombo ambacho nahodha wake aweza kukwambia “hapana” hata baada ya fedha zako kupokewa.

Liko swali gumu zaidi. Moshi wa meli, na wa ndege iliyomfikisha msafiri bandarini, ni sehemu ya ule unaoitia dunia joto na kuiyeyusha barafu ile ile aliyoifuata. Usafi wa viatu haulifuti deni hilo. Wengine hujitetea kwamba aliyeona atalinda. Yawezekana, lakini ukweli wa ahadi hiyo hujulikana kwa matendo yake arudipo kwao. Asiyekusudia kulipa asikope: abaki nyumbani asome habari za barafu vitabuni, wala heshima yake haitapungua.

Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Pengwini hawezi kukuuliza umefuata nini, wala kukufukuza. Adabu mbele ya mwenyeji mwenye fimbo huenda ikawa hofu tu; adabu mbele ya mwenyeji asiye na sauti ndiyo adabu yenyewe. Labda wewe, msomaji, hutaiona Antaktika maishani mwako. Lakini utaingia msituni, utateka maji kisimani, utapita penye makaburi ya watu usiowajua. Kabla ya kutia mguu, jiulize: nitakapoondoka, mwenyeji atakuwa amepona au ameumia?