Nani Aliyefika Kwenye Nyota?

Ndugu msomaji, nina swali ambalo limeninyima usingizi kwa muda sasa. Niliulizwa na baba yangu mdogo, mkulima wa mahindi na ulezi katika kijiji kimoja nje ya Sumbawanga mjini. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Ufipa wanaijua walioionja. Tulikuwa nje tunaota moto baada ya kazi ya kupiga maharage. Mbingu ilikuwa imejaa nyota hadi unaogopa. Mimi, kwa ule ujuaji wa kijana aliyemaliza kidato cha nne, nikaanza kumweleza kwamba kila kidoto kile ni jua kama hili letu, ni gesi inayowaka kwa joto lisilosemeka, na kwamba baadhi ya majua hayo yana sayari zake.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani aliyefika huko?"

Nikasema hakuna aliyefika.

"Sasa wamejuaje?"

Nikasema wana vyombo.

Akacheka. "Hata yule mganga wa mwaka juzi alikuwa na chombo chake, kile kioo. Naye alisema anaona tusiyoyaona sisi. Wa kwako unamwamini, wa kwangu unamkataa. Kwa nini?"

Nikanyamaza. Swali lilikuwa zuri kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa darasani, na majibu yangu yote yalikuwa ya kukariri. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza, na sote wawili tuliijua. Daftari la mganga yule niliandika mimi.

Hebu nieleze. Mji wetu una jina zito. Sumba wanga, kwa maana inayotolewa na wengi, ni "tupa uchawi": ukija hapa, uache uchawi wako nje. Watu wa mikoani hutucheka kwa jina hilo, lakini sisi tunaoishi huku tunajua kwamba jambo lenyewe si la kucheka. Mwaka juzi, wakati wa mvua, watoto watatu walikufa kijijini kwa homa. Wazee wakaamua kuita lambalamba, yaani wale waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Michango ikapigwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kusaidia kilimo, nikaambiwa, "Wewe una mwandiko mzuri, shika daftari." Nikaandika majina ya waliochanga. Kisha mganga akaangalia kioo chake, nikaambiwa niandike majina ya "walioonekana". Jina la tatu lilikuwa la bibi mmoja mjane aliyekuwa akinipa togwa nilipokuwa mdogo. Mkono wangu ulisita kidogo. Halafu ukaandika.

Haikupita wiki, nyumba ya yule bibi ikachomwa usiku. Alitoka na nguo aliyovaa, akaenda kwa binti yake, mbali. Hajarudi mpaka leo. Hakuna aliyenilaumu. Kiberiti sikushika mimi, nilishika kalamu tu.

Kwa hiyo, msomaji, swali la baba mdogo si la nyota peke yake. Ni swali la kujua. Mtu akisema "najua" juu ya kitu kisichoonekana, sisi tusioona tumpime kwa kipimo gani? Hata lugha yetu imetuachia mtego hapa. Neno mnajimu linabeba watu wawili: yule anayepima mwendo wa nyota, na yule anayekwambia gazetini kwamba wiki hii utapata fedha lakini ujihadhari na rafiki. Jina moja, kazi mbili. Nimejaribu kuwatenganisha, na hapa naeleza nilikofika.

Nianze na vyombo. Wataalamu wa nyota hawana kitu mkononi isipokuwa nuru. Nuru husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Ya jua hutufikia baada ya dakika 8 na kidogo. Ile ya Kilimia, lile kundi la nyota ndogo ambalo wakulima wamelitazama tangu zamani, hutembea yapata miaka 440. Ina maana nuru unayoiona leo usiku iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Nuru hiyo ni kama barua ya zamani iliyochelewa njiani, na kazi ya mtaalamu ni kuisoma.

Wanaisomaje? Rusha chumvi kidogo kwenye mwali wa moto, mwali utageuka wa njano. Vijana wanaochoma nyaya ili wauze shaba wanajua kwamba moto wao hutoa rangi ya kijani. Kila kitu kikiungua kwa joto kali kina rangi zake. Ukiipitisha nuru kwenye kioo maalumu ikatawanyika kama upinde wa mvua, utaona mistari myembamba, na kila elementi ina mistari yake isiyofanana na ya mwenzake, kama dole gumba kwenye fomu ya benki. Mwaka 1835 mwanafalsafa mmoja Mfaransa, Auguste Comte, aliandika kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimetengenezwa kwa nini. Hata miaka 30 haikupita, Wajerumani wawili, Kirchhoff na Bunsen, wakaonyesha namna ya kuisoma mistari hiyo. Mwaka 1868 ukaonekana kwenye nuru ya jua mstari wa njano usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Elementi hiyo ikaitwa heli, kwa jina la Kigiriki la jua. Ilipofika mwaka 1895, heli hiyo hiyo ikapatikana hapa hapa duniani, ndani ya jiwe. Yaani kitu kilionekana juani kwanza, ndipo kikashikwa huku chini.

Baba mdogo angesema, hayo nayo ni maneno ya vitabuni. Sawa. Basi tuje kwa jambo nililoliona mwenyewe.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Miezi kabla, wataalamu walikwisha kutangaza siku na saa. Dokta Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa mmoja wa waliotueleza Watanzania kwamba watakaokuwa Rujewa, mkoani Mbeya, wataona pete ya moto karibu na saa sita mchana. Sisi huku Sumbawanga tungeona jua likiliwa sehemu kubwa. Nilikuwa bado mwanafunzi. Tulikatazwa kulitazama jua, tukaambiwa tutazame chini ya mti. Nuru iliyopenya katikati ya majani ilikuwa imekuwa vimwezi vidogo vidogo, mamia, vimetapakaa kwenye vumbi. Saa ile ile waliyosema.

Fikiri, msomaji. Wale watu walijiweka uchi mbele ya nchi nzima. Kama jua lisingepatwa, hata mtoto wa darasa la kwanza angewacheka. Tayari wamekwisha kutaja kupatwa kwingine, tarehe 2 Agosti 2027, kivuli kipite Luxor kule Misri na Makka. Huo ndio upekee wao ninaouona. Si kwamba wana vyombo vikubwa. Ni kwamba wametuwekea mahali pa kuwashika uongo.

Lambalamba hakutuwekea mahali hapo. Alisema majina, akachukua fedha, akaondoka. Mvua zilizofuata watoto waliugua tena. Je, kuna aliyemwita aje ajibu? Hakuna. Angeitwa angesema wachawi wengine wamebaki. Jibu lake linafaa kwa kila litakalotokea, na neno linalofaa kwa kila kitu halikwambii kitu.

Sasa asije mtu akadhani nasema wazungu ndio wenye kujua na wazee wetu ni wajinga. La hasha! Tazama methali hii: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni tarehe iliyotajwa. Ni watu waliotazama mbingu miaka mingi, wakaona, wakasema neno ambalo mvua yenyewe inaweza kulikanusha. Tazama pia malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma, ambayo Profesa Bertram Mapunda, mtaalamu wa mambo ya kale, ameyachunguza sana. Ni kweli mafundi wale walikuwa na dawa na miiko yao. Lakini mwisho wa yote kulikuwa na jembe, na jembe halina aibu: likipinda shambani limepinda, na mwenye tanuru ameumbuka.

Chuma hicho kinanikumbusha kingine. Ukishuka kutoka kwetu kupitia Laela na Tunduma, ukaendelea mpaka Mbozi, kuna Kimondo katika kijiji cha Ndolezi. Nimekigusa kwa mkono wangu. Ni bonge la chuma lenye urefu wa kama mita 3, ambalo wengine hulikadiria tani 12 na wengine 16. Wenyeji walikijua tangu zamani na walikizungushia heshima yao. Mpima ardhi mmoja, W. H. Nott, akakitangaza kwa wageni mwaka 1930. Kilipopimwa, kilionekana kuwa chuma kama asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Vimondo vya namna hiyo vikikatwa, vikang'arishwa na kupakwa asidi, hutokea michoro ya vibamba vilivyopishana. Michoro hiyo hutokea pale tu chuma kinapopoa polepole mno, digrii chache kwa maelfu ya miaka, ndani ya gimba la angani. Hakuna lungu la Ufipa wala kiwanda cha Ulaya kinachoweza kuiga hilo. Kwa hiyo ingawa hatujafika angani, anga limetufikia sisi, na linaweza kuulizwa maswali.

Hata hivyo, haki ni haki: wataalamu nao ni watu. Kuna kisa kimoja nilichokisoma kikanichoma. Mwaka 1925 dada mmoja Mwingereza, Cecilia Payne, mwenye umri wa miaka 25 tu, akisoma kule Harvard Marekani, aliisoma ile mistari ya nyota akaona kwamba nyota kwa sehemu kubwa mno ni hidrojeni. Wakubwa waliamini nyota zimeumbwa karibu sawa na dunia. Henry Norris Russell, bingwa mkubwa wa wakati ule, alimwambia haiwezekani. Naye Payne akaandika ndani ya kitabu chake mwenyewe kwamba matokeo yale karibu hakika si ya kweli. Umeona? Alikuwa na ushahidi mkononi, mkubwa akakohoa, kalamu ikainama. Kama yangu.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1929 Russell mwenyewe, kwa njia nyingine, akafika kule kule alikofika yule dada, akaandika hadharani kwamba matokeo yao yanakubaliana. Kosa lilifanyika, na njia ya kulirudi ilikuwapo. Hapo ndipo nilipopata jibu la baba mdogo. Simwamini mtaalamu kwa sababu hakosei. Namwamini kwa sababu kazi yake ina mlango wa nyuma ambao ukweli unaweza kuingilia hata mwenye nyumba akiwa amefunga wa mbele.

Ndiyo maana naweza kukubali mambo ambayo sitayaona maisha yangu yote. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali majina kutoka Tanzania: nyota moja ikaitwa Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Sayari hiyo ilijulikana kwa sababu kila inapopita mbele ya nyota yake, kila baada ya siku karibu 3, nuru ya nyota hupungua kidogo, chini ya asilimia moja. Ni kama kumbikumbi kupita mbele ya taa: mdudu humwoni, unaona taa imefifia. Sijaiona, lakini mwenye darubini nzuri mahali popote, awe rafiki au adui, anaweza kuhesabu siku hizo na kusema "kweli" au "mwongo". Kioo cha lambalamba kilikuwa na mtazamaji mmoja tu.

Mwezi uliopita nilirudi kijijini, nikamweleza baba mdogo haya yote. Akafikiri sana. Akasema, "Basi wa kwangu naye arudi, atutajie siku." Kisha akaniangalia. "Na wewe mwenye daftari?"

Ndugu zangu mnaoota kuandika kama mimi, tumezoea kusema kalamu ina nguvu, kana kwamba ni sifa. Mimi niliiona nguvu hiyo ikifika kwenye paa la nyasi. Niliandika "ameonekana" bila kuuliza ameonwa na nani, kwa kitu gani, na nini kingetuonyesha kwamba si kweli. Maswali matatu tu, ambayo mtu wa nyota huulizwa kila siku. Kama ningeyauliza kwa sauti pale pale, labda wangenifukuza mkutanoni. Labda mzee mmoja angesita.

Nimemwandikia barua bibi yule, nikaituma kwa binti yake. Nimesema kwamba jina lake niliandika mimi, na kwamba sikuwa nimeona chochote. Jibu bado. Barua ya pili nimeiandika kwa wazee wa kijiji, kwa mwandiko ule ule mzuri, nikiomba isomwe mkutanoni, mbele ya wale wale waliosikia ya kwanza.