Nani Anatunza Daftari la Jiji?

Kuna swali ambalo wapenzi wa takwimu huria hulipita haraka, na mimi linanikaba: ofisi ya jiji ikishaweka majedwali yake mtandaoni, je, imetimiza wajibu wake? Wengi watajibu ndiyo. Sherehe imefanyika, mgeni rasmi amebonyeza kitufe, picha zimepigwa. Nimeripoti sherehe za namna hiyo za kutosha (pilau huwa nzuri, siwezi kuwadhulumu) na nimefika mahali pa kuamini kwamba kubonyeza kitufe ndiyo kazi nyepesi kuliko zote.

Niwapeleke New York kwanza, kwa sababu kule jambo hili lina sheria, na lina mifano inayoonyesha pande zote mbili. Mwaka 2012 jiji lile lilipitisha sheria ya kuzitaka idara zake zitoe takwimu kwa umma katika muundo ambao kompyuta inausoma. Miaka minne baadaye Ben Wellington, mwalimu wa takwimu, akaichambua orodha ya faini za maegesho. Tangu mwisho wa 2008 madereva walikuwa wameruhusiwa kuegesha mbele ya baadhi ya ile miteremko ya ukingo wa barabara inayojengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu, mradi pale pasiwe na kivuko cha waenda kwa miguu. Sheria ilibadilika, askari wakaendelea kuandika faini kama zamani. Wellington alipata sehemu karibu 2,000 za namna hiyo, na kwa hesabu yake watu walikuwa wanatozwa takriban dola milioni 1.7 kwa mwaka kwa kosa ambalo si kosa. Akaliandikia jeshi la polisi. Polisi wakakubali, wakasema askari wa doria hawakuyaelewa mabadiliko na kwamba watafundishwa.

Fikiria hilo kidogo. Idara ilimkabidhi raia, kwa mkono wake yenyewe, ushahidi wa kosa lake. Sijui ofisi ngapi duniani zingeweza kufanya hivyo bila kwanza kumtafuta mchawi.

Lakini jiji ni lile lile, na miaka miwili kabla ya hapo yalitokea mengine. Mwaka 2014 Chris Whong, mtu wa ramani na takwimu, aliomba kwa sheria ya kupata habari kumbukumbu za safari za teksi za mwaka 2013. Akapewa zote, zaidi ya milioni 170: gari lilipakia wapi, likashusha wapi, saa ngapi, nauli kiasi gani. Maafisa hawakuwa wazembe kabisa. Namba za magari na za leseni za madereva walizipitisha kwenye programu inayosaga namba na kutoa mfuatano wa herufi usioeleweka. Unga haurudi kuwa mahindi, ndivyo walivyoamini. Tatizo ni kwamba namba za teksi ni fupi na mpangilio wake unajulikana. Ukizisaga zote zinazowezekana, unabaki kulinganisha unga na unga tu. Vijay Pandurangan, mhandisi wa programu, alifanya hivyo, na kazi ya kompyuta ilichukua chini ya saa mbili.

Baada ya hapo watu wakaanza kucheza. Mmoja alichukua picha za mastaa wakipanda teksi, akasoma namba ya gari, akajua walikoshuka na walicholipa. Hilo wengine watalicheka. Lililonikaa mimi ni la mwaka uliofuata: mwingine akaonyesha kwamba ukitazama saa ambazo gari husimama kila siku na kuzilinganisha na nyakati za swala, unaweza kukisia dereva yupi ni Mwislamu. Dereva yule hakuandika popote dini yake. Hakuulizwa. Alipaki tu pembeni akaswali, na jiji likayatangaza mapumziko yake bila kujua linatangaza nini.

Hapa ndipo afisa anayependa kufuli husimama na kusema, mmeona? Namwelewa, na sidhani ni mtu mbaya. Nimekaa mbele ya madawati ya maafisa wa aina yake, nikaambiwa nirudi Jumatatu, na Jumatatu nikaambiwa mhusika yuko safari. Mara nyingi anachoogopa si ukweli kutoka bali jina lake kutajwa ukweli huo ukileta balaa. Hata hivyo kufuli nalo lina wahanga wake, ila hawaonekani. Wale waliokuwa wakilipa faini zisizo halali tangu 2008 wangeendelea kulipa mpaka leo, kila mmoja akidhani bahati mbaya ni yake peke yake.

Kiswahili kina neno linaloniweka sawa katika hili, amana. Aliyekuwekea amana anakudai mambo mawili kwa pamoja: umrudishie anapoitaka, na usiianike sokoni. Huwezi kuchagua moja. Afisa wa kufuli anashika la pili na kulisahau la kwanza. Shabiki wa takwimu huria mara nyingi hufanya kinyume chake. Na yote mawili yanahitaji mtu. Programu haijui kwamba gari lililosimama saa saba mchana lina maana. Anayeweza kujua ni mtu wa idara ile ile, anayeijua kazi, aliyepewa muda wa kukaa na jedwali kabla halijatoka, na mwenye mamlaka ya kusema safu hii hapana. New York ilikuja kulielewa hili: sheria zilizofuata zikadai majedwali yaambatane na maelezo ya maana ya kila safu, na kila idara iwe na mratibu anayejulikana. Kazi yenyewe haina picha wala mgeni rasmi.

Huku kwetu tumejifunza kwa njia nyingine. Kenya ilizindua tovuti yake ya takwimu huria Julai 2011, Rais Kibaki mwenyewe akiwepo, na Afrika nzima ikatazama. Baada ya miaka michache majedwali mengi yalikuwa hayajaguswa. Idara zilikuwa zinatoa kwa hiari na kwa msukumo wa watu wachache wenye moyo. Sheria ya haki ya kupata habari ilikuja 2016. Moyo wa mtu huhamishwa kituo, hustaafu.

Dar es Salaam nako kuna Ramani Huria. Kuanzia 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walitembea na simu kwenye kata zinazofurika, wakachora nyumba, vichochoro na mifereji, na ramani ikawa ya kila mtu. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Ila Desemba ya mwaka huo huo, katika bonde la Msimbazi, nyumba zilikuwa zinabomolewa kwa sababu zimo kwenye njia ya maji. Sisemi ramani ndiyo iliyoleta matingatinga. Sina ushahidi wa hilo na wala sidhani hivyo. Nasema mstari ule ule unaomwonyesha mhandisi wapi pa kuchimba mfereji unaweza kumwonyesha mwingine wapi pa kuanzia kubomoa. Na mfereji wenyewe hauko jinsi ulivyochorwa, kwa sababu kila masika takataka zinauziba na watu wanachimba mwingine.

Ningekuwa mama mwenye nyumba bondeni pale, kijana akaja na simu akaniomba kuhesabu vyumba vyangu, ningemkaribisha kiti. Ningemwambia vyumba ni vitatu. Halafu ningemuuliza: ukishaondoka, nani ofisini kwenu ninayeweza kumpigia nikiona mmeniandika vibaya?