Foleni Mbili Mlangoni

Rafiki zangu hudhani kwamba mahali pagumu kuliko pote kwa mwanamke kama mimi ni ndani ya matatu. Nilizaliwa nikaandikwa mvulana, leo naishi kama mwanamke, ni transjenda na sifichi. Basi wao huniwazia nikizomewa na makanga kutoka katikati ya Nairobi hadi Kangemi. La hasha. Makanga ana haraka zake. Huniita "madam" nikipanda, "siste" akitaka nisogee dirishani, na nikichelewesha nauli huniita yale majina anayowaita abiria wote. Sauti yangu nzito anaisikia. Naona jicho lake likirukia shingo yangu, kisha linarudi kwenye noti ya mia. Safari inaendelea.

Simpambi. Ni kwenye vituo hivi hivi vya matatu ambako mwaka 2014 mwanamke alivuliwa nguo mchana kweupe, eti kavaa vibaya, na Novemba ile wanawake wakaandamana barabarani jijini. Kabla ya mwaka kwisha, Kanuni ya Adhabu ikaongezewa kifungu kinachomfunga kwa miaka isiyopungua 10 anayemvua mtu mwingine nguo kwa nguvu. Nakipenda kifungu hicho kwa sababu kinasema "mtu", basi. Hakiulizi ni mtu wa namna gani.

Wanaouliza wapo mlangoni. Tangu shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, ni nadra kuingia jengo kubwa Nairobi bila kupekuliwa. Wanaume huku, wanawake kule. Mimi huenda kule. Soja wa kike ananyanyua kile kifaa cha kutambua vyuma, anasita, anamtazama mwenzake wa foleni ya pili, naye ananitazama mimi. Hapo watu walio nyuma yangu, waliokuwa wakichezea simu zao, wanainua macho. Kuna siku soja alimwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mwingine, wakasimama kando kunijadili huku mkoba wangu ukiwa wazi mezani. Upekuzi uliowekwa kutafuta bomu ulikuwa umegeuka kikao cha kuamua mimi ni nani. Mkoba wenyewe hakuna aliyeuangalia.

Wasiwasi wangu mkubwa, hata hivyo, ni kitambulisho. Kinabeba jina nililopewa na baba, na neno moja la jinsia ambalo halifanani na ninayekikabidhi. Jina hubadilishwa kwa hati ya kisheria ya kubadili jina na tangazo kwenye Gazeti rasmi la serikali. Lile neno la jinsia ndilo linalong'ang'ania. Nikienda kutoa pesa za simu kibandani, wakala anasoma, ananiangalia, anasoma tena. "Hiki ni cha nani?" Changu. "Wewe ndiye huyu?" Ndiye. Ameuliza kwa sauti, kwa hiyo kinyozi wa kibanda cha pili naye anatoka na mashine mkononi. Wakala si mbaya. Anaogopa matapeli, na kazi yake ni kulinganisha jina na sura. Lakini karatasi inayonipinga mimi mwenyewe humfanya kila mgeni ninayekutana naye hakimu, hata yule ambaye hakutaka kesi.

Mahakimu wenyewe wameanza kuliona jambo hili. Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu aliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kipya cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Huyu ni mtu aliyefaulu vizuri shuleni, kisha akakwamishwa na cheti chake mwenyewe kila alipotafuta kazi. Na Agosti 2025, huko Eldoret, Jaji Reuben Nyakundi alimpa fidia ya shilingi milioni 1 mwanamke transjenda aliyekamatwa mwaka 2019 akishukiwa kujifanya mtu mwingine, akadhalilishwa kwa kupekuliwa mwili. Jaji akaitaka serikali ipeleke bungeni sheria ya kuwalinda watu kama yeye. Kisa chake kilianzia pale pangu: kuna aliyemtazama, akatazama karatasi, akaona havilingani.

Si kwamba nachukia maswali. Kwenye benchi la zahanati, shosho mmoja alinikagua kuanzia viatu hadi nywele, kisha akauliza waziwazi, "Wewe ni msichana ama ni kijana?" Nikamjibu ni msichana. "Haya. Na umeolewa?" Nikasema bado. Basi muda wote uliobaki nilikuwa najitetea kwa nini umri huu sina mume wala mtoto, huku shosho akinitajia vijana wa kanisani kwao wenye mashamba. Alikuwa ameuliza, akajibiwa, akapita. Yule anayenyamaza halafu akanipiga picha kwa siri, huyo ndiye simwezi. Wapo pia wanaoniahidi maombi. Nawaambia asante, maombi hayajawahi kumzidi mtu.

Sidai kila mpita njia anielewe. Watu wanapanda matatu pamoja, wanauziana sukuma wiki na kupangishana nyumba bila kuelewana hata kidogo, na mji unakwenda.

Kwa hiyo wewe unayeketi kwenye kaunta, unayeshika kifaa pale mlangoni au unayetoa pesa kibandani, ukipokea kitambulisho kama changu, tazama picha, kisha uso, kisha namba. Kama una shaka, niulize mimi, kwa sauti ya watu wawili. Ukiridhika, nihudumie, na umwite anayefuata.